Swali Ambalo Sikulisikia

Mwaka jana nilipoteza masahihisho ya wiki mbili kwa kubonyeza kitufe kimoja. Nasema "nilipoteza" kwa mazoea tu. Kama kweli ni mimi niliyeyapoteza, hilo ndilo linanisumbua mpaka leo.

Mimi huandikia ndani ya Emacs, programu ya kuhariria maandishi ambayo Richard Stallman alianza kuitengeneza kwa ajili ya mradi wa GNU mwaka 1984. Wapenzi wake tukishaingia humo hatutoki. Unaandika hadithi yako, pembeni unafungua dirisha la amri, unaendesha programu nyingine papo hapo, na majibu yake yanakuja kama maandishi ya kawaida. Ila kompyuta yangu ni ya Windows na zana nilizozizoea ni za Unix, kwa hiyo katikati nimeweka Cygwin awe mkalimani. Nyumba moja, lugha mbili. Faili lilelile huku linaitwa C:\hadithi, kule linaitwa /cygdrive/c/hadithi. Windows humaliza mstari kwa alama mbili, Unix kwa moja, na ile ya ziada hujitokeza mwishoni kama ^M, mithili ya kokwa ya ndimu kwenye chai. Hayo unayazoea.

Nisilolizoea ni hili. Programu ya kawaida ya C, kabla ya kutoa neno, huangalia kwanza: naongea na terminali, yaani mahali ambapo pengine mtu ameketi anasoma, au namimina maneno kwenye bomba linaloelekea programu nyingine? Ikiona terminali, hutoa mstari kwa mstari. Ikiona bomba, hulimbikiza maneno kapuni, na kapu likijaa au kazi ikiisha ndipo huyamwaga yote. Kwenye Linux, dirisha la amri la Emacs huipa programu terminali ya bandia, nayo ikaridhika. Kwenye Windows, Emacs hutumia bomba.

Basi siku hiyo nikaendesha programu ndogo ya C aliyoniandikia rafiki yangu, ya kusafisha miswada. Nikasubiri. Kimya. Nikajua imekwama, nikabonyeza Enta, kama unavyoipiga kofi redio iliyogoma. Kumbe ilikuwa imeuliza: faili lipo tayari, nifute niandike upya? Swali lilikuwa kapuni. Na Enta tupu, kwa mujibu wa rafiki yangu, maana yake ni ndiyo. Kazi ilipokwisha swali likatokea, limeongozana na neno "Tayari".

"Lakini si ilikuuliza, ndugu yangu?" akaniambia nilipompigia.

Iliniuliza, ndiyo. Kwetu pwani, bikira akiulizwa kama ameridhia ndoa akanyamaza, kimya chake huhesabiwa ridhaa. Lakini kinahesabika kwa sababu swali amelisikia! Mpelekee swali hilo ukumbini wakati yeye yuko chumbani, kimya chake kina maana gani tena? Mimi nilitoa hata zaidi ya kimya, nilitoa jibu. Ila mkono ulijibu, mimi sikuwepo.

Kinachonishangaza ni kwamba bomba halikusema uongo. Lilijitambulisha kuwa bomba, programu ikaliamini, na ukweli huo ukanificha mimi niliyekuwa upande wa pili nimekodoa macho. Terminali ya bandia ingeidanganya programu kuhusu chombo, lakini ingeifikishia jambo lililo kubwa zaidi: hapa kuna mtu. Kwa uongo wa namna hiyo mimi sina ugomvi.

Hata hivyo sijioni msafi. Kimya kile nilishakiona mara mbili tatu kabla ya siku ile, na kila mara nilibonyeza tu, kikapita. Yule "ndiyo" simkubali kuwa wangu. Haraka ile, naam, ni yangu, na sijui itakatwaje isiambatane naye.

Sura ya tatu nimeiandika upya, na kuna aya moja ya mazishi ambayo hairudi jinsi ilivyokuwa. Rafiki yangu naye ameirekebisha programu: swali linatolewa kapuni mara moja, na Enta tupu siku hizi ni hapana. Nani alipe chai, bado tunabishana.