Kumwanika Mtu kwa Maneno ya Kweli

Vijana wetu waliniuliza swali ambalo sikutaka kulijibu kwa haraka: "Pasta, tukiweka namba ya mtu mtandaoni, na ni yake kweli, dhambi iko wapi? Hatujamsingizia."

Wote tunakumbuka Juni 2024. Mswada wa Fedha ulikuwa Bungeni, na namba za wabunge zikasambazwa kila mahali ili wananchi "wawasalimie." Simu zililia mchana na usiku. Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data ikaonya watu dhidi ya kuanika habari za wengine na za familia zao bila ruhusa. Tarehe 26 Rais akakataa kutia sahihi, na vijana wengi wanaamini zile simu zilisaidia. Mimi pia siwezi kusema hazikusaidia. Mtu aliyekuja kwetu kuomba kura, tukimpigia kumuuliza alivyopiga kura yake kule ndani, hatujamwonea.

Lakini kumuuliza mheshimiwa ni jambo moja, na kuonyesha umati mahali mke wake analala ni jambo lingine. Hapo ndipo namkumbuka Doegi, Mwedomi, katika 1 Samweli 22. Je, alidanganya? Daudi alipewa mkate kweli kule Nobu, na upanga wa Goliathi akapewa kweli. Doegi alisema tu alichokiona. Tena alikisema mbele ya Sauli, mwenye mkuki mkononi, akijua vizuri Sauli anamtafuta nani na kwa nini. Makuhani 85 wakafa siku hiyo, na aliyewaua ni Doegi mwenyewe. Tumezoea kuhubiri juu ya ushahidi wa uongo tu, kana kwamba ukweli hauwezi kuua mtu.

Sheria yetu imeliona hilo. Kifungu cha 31 cha Katiba kinalinda faragha ya kila mtu. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2018, kifungu cha 27, inaangalia kama ulijua maneno yako yanaweza kumtia mtu hofu ya kudhuriwa au kuharibiwa mali. Faini inafika shilingi milioni 20, au jela miaka 10, au vyote viwili.

Vijana wakanirudia: "Sheria hiyo si ya kulinda wakubwa?" Ni haki yao kuuliza. Ilipofanyiwa marekebisho Oktoba 2025, Mahakama Kuu ilisimamisha baadhi ya vipengele mwezi huo huo. Sheria ya hofu ikiachwa iwe pana sana, hata kumkosoa kiongozi kutaitwa kumtisha.

Ila tusiangalie Bunge peke yake. Septemba 2023 Kamishna aliitoza Mulla Pride, kampuni ya mikopo ya simu, shilingi 2,975,000 kwa kutumia majina na namba ilizopata kwa watu wengine, kisha kutuma meseji na kupiga simu za vitisho. Mheshimiwa akianikwa, atabadilisha laini, na ana askari getini. Mama anayeuza ndizi hapa soko la Nkubu, laini yake ndiyo M-Pesa yake, ndiyo chama, ndiyo wateja. Akiibadilisha, anaanza upya. Asipoibadilisha, kila simu ikilia anaogopa kuishika, na mlango wake wa mabati hauna askari.