Mikwaruzo

Kitu kilichoundwa na mtu aliyekwisha kufa, au aliye mbali asikoweza kuulizwa, kikichakaa mikononi mwetu, tuna ruhusa ya kukirudishia nguvu zake. Hilo sidhani kama lina mgomvi. Lakini je, tuna ruhusa ya kukifanya kiwe bora kuliko alivyokiacha mwenyewe? Wenzangu wa fani ya ushairi huliuliza swali hili juu ya miswada. Mimi lilinijia mara ya kwanza gerejini, mikono imejaa grisi, na naomba msomaji aniwie radhi nianzie huko, kabla sijafika mahali panaponiuma.

Mwaka 1987, nikiwa na umri wa miaka 17, nilikuwa mtoto wa gereji Mombasa. Siku moja likaingia gari likivutwa kwa kamba, Datsun 240Z, rangi imebabuka, milango miwili, boneti refu kama shingo ya bata. Kijana wa leo huenda asijue jinsi jina hilo lilivyokuwa likitajwa kwetu. Gari la aina ile ndilo lililoshinda mashindano ya Safari mwaka 1971, likiendeshwa na Edgar Herrmann akiwa na Hans Schüller, kisha likashinda tena mwaka 1973 mikononi mwa Shekhar Mehta na Lofty Drews. Mara hiyo ya pili Mehta alilingana alama za adhabu na Harry Källström, aliyekuwa katika Datsun ya aina nyingine, hata ikabidi kanuni iwaamue. Basi lilipoingia gari lile bovu, mafundi wa jirani waliacha kazi zao wakaja kulitazama, kama anavyotazamwa mgonjwa mwenye cheo.

Tulishusha injini. Ni injini ya silinda 6 zilizopangwa mstari mmoja, bloku yake ya chuma cha kutupwa, kichwa chake cha alumini, kamshafti moja juu, kabureta mbili. Ujazo wake ni 2,393 cc: kila silinda ina kipenyo cha milimita 83, na pistoni husafiri ndani yake milimita 73.7. Fundi wangu alipima kila silinda mara sita, juu, katikati na chini, kisha akakigeuza kipimo upande wa pili akarudia. Silinda haichakai sawasawa. Hulika zaidi karibu na juu, pale ringi zinapogeukia na moto ni mkali, tena hulika zaidi ule upande ambao konrodi huisukumia pistoni, mpaka duara likawa kama yai. Macho hayaoni kitu. Chuma chang'aa tu. Nilijifunza hapo kwamba kuna uchakavu usioonekana ila kwa mwenye subira ya kupima.

Mwenye gari alitaka nguvu. Hakutaka injini irudi ilivyokuwa, alitaka izidi. Fundi akamwambia njia ipo, na wala si ya kubuni, kwa maana muundaji mwenyewe alikwisha kuipita: mwaka 1974 kiwanda kilitoa 260Z, ambayo silinda zake zilibaki na kipenyo kile kile cha milimita 83, lakini kranki yake ikampa pistoni safari ya milimita 79, na ujazo ukapanda hadi 2,565 cc. Mwaka uliofuata ikaja 280Z, yenye 2,753 cc. Yaani kiwanda kiliiandika kazi yake mara tatu, kama mtunzi asiyeridhika. Ukiniuliza leo ipi katika hizo ndiyo asili, sina jibu la haraka, na nawaonea shaka wanaolijibu swali hilo kwa haraka.

Ikatafutwa kranki ya 260Z pamoja na konrodi na pistoni zake. Silinda zikachongwa nusu milimita ili kuondoa uyai ule, na pistoni zikachaguliwa za kipimo hicho. Msomaji asiyepata kuishika pistoni ya namna hiyo ajue kwamba imepigwa chapa utosini: 0.50. Ile isiyokuzwa aghalabu huwa na chapa ya standadi. Nilipendezwa sana na jambo hilo. Pistoni inakwenda kufungiwa gizani, ndani ya moto, wala hakuna atakayeiona kwa miaka, na bado imechukua utosini habari ya kile ilichokuja kufidia.

Sasa nifike kwenye kosa langu la kwanza. Baada ya kuchongwa, silinda hupitishwa chombo chenye mawe madogo yanayozunguka huku yakipandishwa na kushushwa, nacho huacha ukutani mikwaruzo myembamba inayokatana mshazari, kama ukili uliosukwa. Fundi alikwenda kula, akaniachia kazi ya kuosha bloku. Nikaitazama mikwaruzo ile nikaiona aibu. Kazi ya siku nzima, halafu ukuta uwe na mikwaruzo! Nikachukua msasa laini kabisa, nikaisugua silinda ya kwanza mpaka nikaona sura yangu ndani yake, kisha ya pili. Nilikuwa katika ya tatu aliporudi.

Hakunipiga wala hakupaza sauti. Aliketi juu ya tairi akaniuliza, "Mwanangu, hii mikwaruzo ulidhani imekuja yenyewe?" Kisha akanieleza. Ukuta uliong'arishwa kama kioo haushiki mafuta. Ile mikwaruzo ndiyo inayohifadhi mafuta, na ndiyo inayoisugua ringi mpya mpaka ringi na silinda zizoeane. Bila hiyo injini itakunywa mafuta na kutoa moshi, na mwenye gari atasema fundi hajui kazi. Ikabidi zile silinda tatu zipitishwe mawe upya. Nilikuwa nimeondoa, kwa bidii na nia njema, kitu kilichowekwa makusudi, kwa sababu tu kilifanana na kasoro.

Injini ilipokwisha fungwa, Fundi alikata kipande cha bati la alumini, akagonga kwa nyundo na chapa tarakimu zake: 2.6, 0.50, 1987. Akakipigilia kando ya kibati cha kiwandani. Mwenye gari hakupenda. Alikuwa na nia ya kuliuza baadaye, na bloku ilikuwa bado na chapa yake ya L24. Aonaye nje ataamini, ya nini kujisemea? Fundi alimjibu kwamba kibati kile hakumwandikia yeye wala mnunuzi. Alimwandikia fundi mwenziwe atakayeifungua injini ile baada ya miaka 20, asije akaagiza ringi zisizo zake. (Gari, kwa taarifa ya wapenda magari, lilikwenda kama mshale. Breki zake zilikuwa bado zile za zamani, na nguvu zilizoongezwa zilizidai kazi ambayo hazikuundiwa. Hilo nalo lina mfano wake katika ushairi: gusa kina kimoja uone vingapi vitakavyolia.)

Miaka mingi baadaye, nilipokuwa nimeacha spana nikashika kalamu, nilisoma habari za kesi moja ya Uingereza iliyonirudisha kwenye kibati kile. Ni ya gari la Bentley lijulikanalo kwa jina la Old Number One, lililoshinda mashindano ya saa 24 ya Le Mans mwaka 1929 na 1930. Mwaka 1932 likatiwa injini ya lita 8 mahali pa ile ya lita 6 na nusu, likapelekwa Brooklands, na huko Clive Dunfee akafa akiliendesha. Likajengwa tena, likapewa bodi nyingine. Mwaka 1990 likauzwa kwa pauni milioni 10, na mnunuzi akakataa kulipokea, akidai kwamba hilo silo. Jaji Otton wa Mahakama Kuu ya London akalipekua kipande kwa kipande. La mwaka 1929 halikubaki kitu, au labda vikorokoro vichache. La mwaka 1930 kilibaki kifuniko cha giaboksi, mhimili wa pedali na nguzo ya usukani. Hata hivyo aliamua kwamba ndilo. Si la asili kwa maana ya vipande, alisema, lakini ni halisi, kwa kuwa historia yake haikukatika, na hakuna gari jingine popote liwezalo kulidai jina lile.

Naukubali uamuzi, ila naona una nguzo ambayo haikusifiwa vya kutosha. Jaji aliweza kusema historia haikukatika kwa sababu mabadiliko yalijulikana: nini kilitolewa, mwaka gani, kikaingia nini. Lau kila aliyeligusa angaliificha kazi yake, pasingalikuwa na historia ya kuendelea wala ya kukatika.

Nimefika panaponiuma. Mwaka 2004 bibi mmoja wa Pemba alinikabidhi mswada wa babu yake, utendi wa beti zisizopungua mia, kwa hati za Kiarabu. Bibi yule alizisoma hati hizo vizuri, lakini za Kirumi hakuzijua. Mimi nikaunakili, nikatoa kijitabu. Palipoliwa na mchwa nilijaza, na nikataja katika dibaji kwamba nimejaza. Lakini pana ubeti mmoja, wa 58, ambao haukuliwa na chochote. Mtunzi anaeleza jinsi mamake alivyosafirishwa akiwa mgonjwa, wakavuka mtoni, na baada ya mshororo mmoja anasema: "wakamzika mtoni." Nikaona kina kimerejewa, neno lile lile mara mbili katika ubeti mmoja. Nikamwonea haya mzee wa watu. Nikaandika: "wakamzika jioni." Mizani tatu kwa tatu, kina hakikuvunjika, na ubeti, nikajisifu, ukapata machweo. Katika dibaji sikutaja.

Ubeti ule ulipendwa. Nimeusikia ukisomwa matangani na watu wasiojua kwamba mimi nimeketi hapo, na nimewahi kuambiwa kwamba mzee yule alikuwa bingwa wa taswira kwa neno lile moja.

Bibi alifariki mwaka 2023. Nilihudhuria hitima. Baada ya dua, kijana mmoja katika wajukuu zake, anayeishi Unguja mjini, akasema kwa masikitiko kwamba kaburi la mama wa mtunzi hawalijui liliko, na laiti babu yao mkuu angaliandika walau jina la mahali. Mzee mmoja aliyekuwa ameegemea nguzo akafumbua macho. "Mbona aliandika? Nimemsikia kwa masikio yangu akiusoma. Alizikwa Mtoni, huko kwenu Unguja."

Hati za Kiarabu hazina herufi kubwa. Mtoni wa kwanza ni mto, wa pili ni mji. Maneno mawili yenye sauti moja na maana mbili, jambo ambalo watunzi wetu hulihesabu kuwa ufundi, nami nililipiga msasa nikidhani ni mkwaruzo. Na yule kijana anayelitafuta kaburi anakaa mwendo mfupi tu kutoka hapo. Mle chumbani sikusema neno. Nilikunywa kahawa, nikaaga.

Nimekwisha kumwandikia kijana barua, na mswada nitaurudisha kwa mkono wangu. Kijitabu kilichapishwa nakala 300, na sijui zimetawanyikia wapi, lakini najua baadhi zimo katika nyumba za wasomaji wa jarida hili. Mwenye nayo aifungue ubeti wa 58, mshororo wa tatu. Neno "jioni" ni langu. Nawaomba msilifute lisionekane. Lipigeni mstari mmoja, na pembeni yake mwandike Mtoni, kwa herufi kubwa, na tarehe mliyoandika.