Usahihi na Uthabiti wa Uaguzi wa Karata za Taroti

Taroti ni seti ya karata 78 zenye picha, ambazo mwaguzi huzichanga, huzipanga mezani na kuzifasiri kwa mteja aliyemjia na swali kuhusu ndoa, kazi, afya au safari. Wanaozitetea husema kwamba zinasema kweli, na wanaozipinga husema kwamba ni uongo mtupu, lakini pande zote mbili mara nyingi huchanganya mambo mawili ambayo elimu ya upimaji huyatenga. La kwanza ni usahihi, yaani kiasi ambacho jibu hulingana na hali halisi. La pili ni uthabiti, yaani kiasi ambacho chombo kilekile, kikiulizwa swali lilelile katika hali ileile, hutoa jibu lilelile. Mizani inayozidisha kilo 2 kila mara ni thabiti ingawa si sahihi, ilhali mizani inayotoa uzito tofauti kila gunia lilelile linapowekwa juu yake haitegemewi hata siku inapogonga uzito wa kweli, kwa kuwa muuzaji hana njia ya kuijua siku hiyo.

Historia ya karata hizi inastahili kuelezwa kwa urefu kidogo, kwa sababu sehemu kubwa ya heshima yake imejengwa juu ya asili ya kubuni. Karata za kuchezea ziliingia Ulaya katika karne ya 14 kutoka nchi za Kiislamu, na seti ya zama za Wamamluki wa Misri iliyohifadhiwa Topkapi, Istanbul, ina alama nne za vikombe, sarafu, panga na fimbo za polo, pamoja na karata za mfalme na za naibu wake. Kaskazini mwa Italia, kabla ya katikati ya karne ya 15, ziliongezwa karata za picha zilizoitwa trionfi, ambazo mchezoni zilizishinda zote nyingine. Msemaji wa Kiswahili anao ushahidi wa historia hiyo kinywani mwake: kopa, shupaza, uru na pau ni maneno yaliyotoka katika Kireno yenye maana ya vikombe, panga, dhahabu na rungu, ambazo ndizo alama za taroti hadi leo, na turufu ni trunfo ya Kireno, ambayo asili yake ni hiyo trionfi. Kwa lugha ya wacheza karata, basi, taroti ina karata 56 za kawaida, turufu 21 na karata moja ya Mpumbavu, na kwa zaidi ya miaka 300 ilitumika hasa kwa mchezo.

Mwaka 1781 Mfaransa Antoine Court de Gébelin alitangaza kwamba karata hizo ni mabaki ya kitabu cha hekima cha makuhani wa Misri ya kale. Wakati huo hapakuwa na mtu Ulaya aliyeweza kusoma maandishi ya Misri, maana Jean-François Champollion alitangaza ufunguo wake mwaka 1822, na tangu yaliposomeka hakujaonekana ndani yake kitabu cha namna hiyo. Dai likashika hata hivyo. Jean-Baptiste Alliette wa Paris, aliyejiita Etteilla, akatoa vitabu na seti ya kuagulia, na mwaka 1909 ikatoka London seti ya Arthur Edward Waite, iliyochorwa na Pamela Colman Smith, ambayo ndiyo inayojulikana zaidi leo.

Kuhusu uthabiti, hesabu yenyewe inatosha. Mpangilio mmojawapo mwepesi ni wa karata tatu, zinazosomwa kama yaliyopita, yaliyopo na yajayo. Karata tatu zikitolewa kwa mfuatano katika 78 kuna mipangilio 456,456, na ikiwa karata iliyotoka kichwa chini ina maana yake ya pekee, idadi hupanda hadi 3,651,648. Karata zikichangwa upya na swali likarudiwa baada ya dakika tano, karibu hakika utatoka mpangilio mwingine. Waaguzi wanalijua hilo, na wengi wao huwaonya wateja wasiulize swali lilelile mara mbili mfululizo. Onyo hilo ni zito kuliko linavyoonekana, kwa sababu daktari hakatazi kipimo cha damu kurudiwa, bali hukirudia hasa pale jibu linapotiliwa shaka.

Usahihi ni jambo gumu zaidi, na turufu ya 13, Kifo, inaonyesha ugumu huo. Katika seti ya mwaka 1909 kuna kiunzi cha mifupa kilichovaa deraya, juu ya farasi mweupe, na bendera nyeusi yenye waridi jeupe mkononi. Mfalme amelala chini, askofu amesimama mbele ya farasi, mtoto amepiga magoti, na kwa mbali jua linaonekana kati ya minara miwili. Mwaguzi hodari hamwambii mteja kwamba atakufa, bali kwamba kitu fulani maishani mwake kinakwisha ili kingine kianze. Aliyeachishwa kazi hulisikia neno hilo akaikumbuka kazi, aliyeachika huikumbuka ndoa, na anayemaliza shule huiona shule. Maana ya mwisho, ile inayomfanya mteja atikise kichwa na kusema kwamba ameambiwa kweli, haikutoka katika picha, ameileta mwenyewe. Karl Popper, mwanafalsafa wa sayansi, alishikilia kwamba dai ambalo hakuna tukio linaloweza kulikanusha si dai la kisayansi, na tafsiri hii ya Kifo ni ya aina hiyo hasa, maana hakuna maisha ambamo hakuna kinachokwisha.

Mwanasaikolojia Bertram Forer alilipima jambo hili mwaka 1948 kwa wanafunzi wake 39 huko Marekani. Kila mmoja alijaza dodoso, kisha akapewa maelezo ya tabia yake ili ayape alama kuanzia 0 hadi 5. Wastani ukawa takriban 4.3, ilhali wote walikuwa wamepewa maelezo yaleyale, yaliyokusanywa kutoka kitabu cha unajimu.

Wapo waaguzi wanaokiri kwamba karata hazitabiri, bali ni kioo cha kumsaidia mtu ajitafakari. Hoja hiyo ni ya haki, na picha za Smith zina uwezo wa kuamsha fikra. Lakini anayeishika hana budi kuacha kunena habari za kesho, na kuacha kutoza fedha kwa ajili yake.

Kwa upande wa dini, Qurani, katika sura ya al-Maida, inakataza mishale ya kupigia ramli, na Kumbukumbu la Torati 18 linakataza uaguzi. Baadhi ya waumini hudhani kwamba kinachokatazwa lazima kiwe na nguvu, lakini katazo halithibitishi hilo, kwa kuwa kosa linalokusudiwa ni kutafuta ghaibu kwa asiyekuwa Mungu, hata mtafutaji asipopata kitu. Na anayeicheka taroti kwa kuwa ni ya Ulaya aipime kwa mizani hiyohiyo ramli ya pwani, yenye maumbo yake 16.

Taroti haina uthabiti, na usahihi wake haujathibitishwa. Asiwepo, basi, mtu wa kuahirisha upasuaji, kuuza shamba au kumshuku mwenzi wake kwa sababu ya picha iliyofunuliwa mezani.