Fidia au Msaada?



Serikali inapogawa mali ya umma wakati wa maafa, impe zaidi aliyepoteza zaidi, au anayehitaji zaidi? Tulibishana juu ya jambo hili darasani, na mfano tulioushika ulitoka mbali.

Aprili 2020 serikali ya Marekani ilitangaza dola bilioni 16 za kuwalipa wakulima na wafugaji moja kwa moja kwa sababu ya korona. Shule na mikahawa ilikuwa imefungwa, maziwa yakimwagwa kwa kukosa mnunuzi, na machinjio makubwa yalisimama kwa kuwa wafanyakazi wake waliugua. Malipo yalipigiwa hesabu kwa wingi wa mazao na idadi ya mifugo. Kwa hiyo mwenye ng'ombe elfu alipata mara nyingi zaidi ya mwenye ng'ombe kumi, mpaka kikomo cha dola 250,000 kwa mtu mmoja.

Mwenzangu mmoja alitetea mpango huo: "Aliyepoteza elfu hawezi kulipwa sawa na aliyepoteza kumi. Huo ndio uadilifu." Hoja yake ina nguvu, kwani katika fiqhi anayeharibu mali ya mtu hulipa kadiri ya alichoharibu, awe mwenye mali ni tajiri au maskini.

Lakini dhamana humwangukia aliyesababisha hasara, na ugonjwa haukuletwa na serikali. Mtu atasema kwamba serikali za majimbo ndizo zilizotoa amri ya kufunga. Ni kweli, ila amri hiyo ilimgusa pia mpishi wa mkahawa na dereva wa basi la shule. Kama ni fidia, basi ni haki ya wote hao kwa kadiri ya hasara zao. Tena kile kikomo chenyewe kinashuhudia: deni la fidia halikatwi katikati kwa sababu mdai ni tajiri. Waliokiweka walijua, hata kama hawakusema, kwamba wanatoa msaada.

Na msaada kipimo chake ni haja. Sura ya al-Hashr, aya ya 7, inapotaja mgao wa mali ya fai, inawataja mayatima, maskini na msafiri, na inabainisha hekima yake: mali isibaki kuzunguka mikononi mwa wenye nacho tu. Sayyidna Abubakar (r.a.) aligawa sawa kwa watu wote, akiona kwamba fadhila za mtu malipo yake yako kwa Allah, na mgao ni riziki ya kuishi. Sayyidna Umar (r.a.) alitofautisha mafungu, lakini kwa kutangulia katika Uislamu na ukaribu na Mtume (s.a.w.), si kwa ukubwa wa shamba.

Mwenzangu hakunyamaza. Alisema shamba kubwa likianguka, vibarua wake huanguka nalo. Sawa, basi malipo yafungwe na sharti la kuwabakiza vibarua kazini. Malipo yale hayakuwa na sharti hilo.

Nakubali jambo moja: kuhesabu ng'ombe ni haraka, kupima haja huchukua muda, na mwenye njaa hangoji. Pengine awamu ya kwanza ilipwe kwa hesabu nyepesi, lakini fungu dogo lililo sawa kwa kila mmoja, kisha kinachobaki kifuate uchunguzi wa haja.

Wengi wetu tutakaa katika ofisi za wilaya, kamati za misikiti na vyama vya ushirika. Siku ya mafuriko au ukame tutaletewa orodha, na mwenye shamba kubwa ndiye atakayekuwa na karatasi zilizokamilika. Tujiulize kabla ya kutia saini: tunalipa deni, au tunaokoa watu? Tukichanganya hayo mawili, maskini ndiye atakayelipia kosa letu.

Wallahu a'alam.