Kura Juu ya Kitanda cha Mgonjwa

Mwishoni mwa 2018, mgonjwa wa Ebola mjini Beni, mashariki mwa Kongo, aliweza kulazwa katika chumba cha plastiki angavu, ndugu zake wakimtazama kutoka nje. Waliona mrija, mkono uliovimba, chupa ikidondosha dawa taratibu. Dawa yenyewe haikuchaguliwa na daktari. Ilichaguliwa kwa kura, katika jaribio la kulinganisha dawa.

Jaribio hilo lilianza tarehe 20 Novemba 2018, likafanyika Beni, Mangina, Butembo na Katwa, na jina lake lilikuwa la Kiswahili: Pamoja Tulinde Maisha. Dawa zilikuwa nne: ZMapp, remdesivir, mAb114 na REGN-EB3. Hakuna aliyepewa maji matupu. Lakini nani apate ipi?

Je, ni haki uhai wa mtu kuwekwa kwenye kura? Mkristo wa Butembo anakumbuka kwamba mitume walipiga kura kumpata Mathiya. Ila walianza kwa kuwateua watu wawili waliofaa, wakasali, ndipo wakapiga kura. Kura ilikuja pale akili yao ilipogota. Hapo ndipo penye uhalali wake, na si kwingine.

Saratani ya damu inaonyesha ugumu wa kujua akili imegota wapi. Katika aina moja sugu, vipande vya kromosomu ya 9 na ya 22 hubadilishana nafasi, na seli ikaanza kutengeneza protini iitwayo BCR-ABL, inayoiamuru izaliane bila kukoma. Dawa ya imatinibi hupenya kwenye kishimo ambamo protini hiyo hupokea nguvu yake, ikakaa humo, na amri ikanyamaza. Katika majaribio ya kwanza yaliyoanza 1998, damu ya wagonjwa 53 kati ya 54 waliopewa dozi ya kutosha ilirudi katika hali nzuri. Hata hivyo, kuanzia 2000, wagonjwa 1,106 waligawanywa kwa kura kati ya imatinibi na tiba ya zamani. Kilichowaokoa wengi ni mlango ulioachwa wazi: tiba ya kwanza isipomfaa mtu, alihamia ya pili.

Beni haikuwa na mlango huo. Ebola huua kwa siku chache.

Dawa ya mAb114 nayo hukamata protini, ile iliyo juu ya kirusi, kisiweze kuingia kwenye seli. Asili yake ni damu ya mtu aliyepona Ebola ya Kikwit ya 1995, mlipuko uleule ambamo Profesa Jean-Jacques Muyembe na wenzake waliwaongezea wagonjwa wanane damu ya waliopona, na saba wakaishi. Tarehe 9 Agosti 2019, baada ya wagonjwa 681 kuingizwa, jaribio lilisimamishwa. Kwa ZMapp karibu nusu walikufa, kwa remdesivir zaidi kidogo ya nusu. Kwa mAb114 asilimia 35, kwa REGN-EB3 asilimia 33.5. Waliofuata walipewa moja kati ya hizo mbili za mwisho tu.

Hadi siku ile kura ilikuwa haki. Kuiendeleza kwa dawa zote nne kesho yake kungekuwa dhambi. Lakini aliyeangukiwa na ZMapp wiki moja kabla aliingia kituoni kutafuta uzima, si kuwa somo kwa wengine. Ndugu zake wanastahili kuketishwa na kuelezwa, kwa Kiswahili au Kinande, alipewa dawa gani, kwa nini ile, na ni nani waliopona kwa sababu yake.