Njaa ya Saa Tatu Usiku

Nilimnyima mwanangu chakula nikidhani namlea. Nasimulia ili mzazi mwenzangu asijikwae nilipojikwaa mimi.

Mwanangu ana ADHD, hali ya ubongo inayomzuia kutulia na kukaza akili kwenye jambo moja. Alipofika miaka saba, daktari alimwandikia methilfenideti, kidonge kimoja kila asubuhi. Darasani akatulia, nyumbani vita vya chakula vikaanza. Asubuhi tunawahi basi: anameza kidonge, chai haigusi. Mchana wali unarudi kwenye hotipoti kama ulivyokwenda. Jioni nikimwekea ugali na mlenda, anautazama ule uteute ukivutika kutoka kwenye kijiko, machozi yanamlenga. "Mama, unanikaba."

Majirani wakasema anadeka, nami nikashika fimbo. Saa tatu usiku ananyata mpaka jikoni: "Mama, nina njaa." Namjibu, "Muda wa kula umepita. Kalale."

Asubuhi moja namvalisha sare, suruali ikamporomoka hadi magotini. Nikamkimbiza kliniki. Muuguzi alimpima, akasoma mizani, wala hakunigombeza. Aliuliza tu, "Dada, mtoto huyu husikia njaa saa ngapi?"

Nilikosa la kusema. Jibu nilikuwa nalifukuza jikoni kila usiku.

Alinieleza kwamba dawa ile hukata hamu ya kula. Ikiisha nguvu jioni, njaa hurudi. Tena watoto wengi wenye ADHD huhisi kupita kiasi harufu, ladha na utelezi wa chakula. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Sasa anakunywa kwanza uji wa ulezi wenye maziwa na karanga, ndipo anameza kidonge. Mchana namfungia chakula kidogo. Jioni anakula mlo mkubwa, televisheni imezimwa, na usiku ndizi yake ipo. Sahani yake haikosi kitu anachokipenda. Chakula kigeni nakiweka kijiko kimoja pembeni, bila kumlazimisha, maana mtoto huweza kukutana nacho mara kumi na zaidi kabla hajakizoea. Uzito na urefu wake vinapimwa kliniki, na dawa siigusi bila daktari.

Mlenda bado hali. Lakini wiki iliyopita alichovya kidole humo, akakiramba, akaniangalia usoni. Nikaendelea kula.

Mzazi mwenzangu, mtoto akikataa chakula, weka fimbo chini umuulize. Wangu alikuwa ananiambia kila siku.