Nauli na Utu

Hivi nauli ni nini hasa? Ni bei ya kiti tu, au kuna zaidi? Swali hili lilinishika siku moja nikitoka Bukoba mjini kwenda Muleba, ndani ya Hiace, tumebanana kama senene kwenye gunia.

Tulipoacha Kemondo, ambako wengi walishuka, konda akaanza kukusanya. Kwetu huku malipo ni mkono kwa mkono: noti inapita kwa abiria watatu wanne mpaka imfikie konda, na chenji inarudi kwa njia ileile bila kupungua hata senti. Bibi mmoja aliyepakata kikapu akafungua fundo la kanga, akahesabu, akakuta imepungua mia tano.

"Mwanangu, sina nyingine."

Konda akacheka. "Basi bibi, utanipa ukirudi."

Abiria tukamsifu: kijana ana utu huyu! Lakini tulipofika Muhutwe, wanafunzi wanne wakapunga mkono. Nafasi ilikuwepo. Konda akagonga bati: "Twende suka!" Wakabaki kando ya barabara na madaftari yao. Hakuna aliyesema kitu. Na mimi nilinyamaza.

Je, konda yule ni mtu mwema au mbaya? Tusikimbilie kuhukumu. Jioni ana hesabu ya kumpelekea tajiri, na hesabu ya tajiri haijui huruma. Mia tano ya bibi imetoka mfukoni mwake. Mwanafunzi naye analipa nauli pungufu iliyopangwa na serikali, ila pengo lile halizibwi na serikali, wala na mimi abiria. Tunamtaka konda awe na huruma kwa pesa yake, kisha tunamlaumu akichoka.

Miji mingine imejaribu kuuondoa mkono wa konda katika jambo hili. Kigali, iliyo karibu nasi kuliko Dar es Salaam, ilianza kutumia kadi ya Tap&Go mwaka 2015: unaigusisha kwenye mashine, nauli inakatwa. Dar es Salaam nako, mabasi ya mwendokasi yalipoanza mwaka 2016, abiria wa njia kuu alilipa shilingi 650 kituoni kabla hajapanda, na mwanafunzi 200. Mashine haimjui shemeji wala mjomba. Haimezi chenji. Haipandishi nauli Desemba kwa kuwa watu wanarudi nyumbani Krismasi. Hii ni haki, hatuwezi kukataa. Ila bibi yetu mwenye pungufu ya mia tano angeiambia nini mashine? Angebaki kituoni na kikapu chake.

Basi nikataka kumaliza kirahisi: mkono una utu, kadi haina. Kumbe sivyo. Nilikumbuka bandari ya Kemondo tuliyokuwa tumeipita. MV Bukoba ilipita hapo katika safari yake ya mwisho kutoka Bukoba kwenda Mwanza, na tarehe 21 Mei 1996 ikapinduka karibu na Mwanza. Mamia ya watu walikufa. Abiria wa daraja la kwanza na la pili walikuwa na orodha. Wa daraja la tatu, lile la nauli ndogo, hawakuwa nayo. Ndiyo maana mpaka leo idadi ya waliokufa inabishaniwa. Aliyelipa kidogo hakuandikwa popote. Tangu nijue hilo, yale maneno matamu ya "panda tu, tutabanana" hayanifurahishi kama zamani.

Kwa hiyo, naona nauli ni namna ya mtu kusema: na mimi nimo, nihesabuni. Bibi alihesabiwa kwa sababu konda alimtazama usoni. Wanafunzi hawakuhesabiwa, kwa kuwa alitazama nauli yao. Mashine inamhesabu kila mwenye kitu, na asiye na kitu haimwoni kabisa. Utu ungekuwa kumhesabu kila mtu kwanza, halafu pengo tulizibe wote, si konda peke yake.

Siku ile pesa ya kuongezea nilikuwa nayo mfukoni. Ningeweza kusema, "Simama, suka, wachukue watoto, pungufu nitalipa mimi." Sikusema.

Wewe, msomaji, ungesema?